Vijito vya Mbuya na Maji Tunayokunywa

Kilima cha Mbuya, kilicho upande wa mashariki wa jiji la Kampala katika Divisheni ya Nakawa, kinajulikana kwa mambo mengi: kwa kambi ya jeshi, kwa kanisa, kwa shule, na kwa nyumba za watu wa kila hali. Ni wachache wanaokijua kama chanzo cha maji. Lakini kila tone la mvua linaloanguka juu ya Mbuya, lisipoingia ardhini, halina budi kuteremka. Upande mmoja maji huteremkia Bugolobi na bonde la Nakivubo. Upande wa pili huteremkia kijito cha Kinawataka, ambacho hupokea pia maji yatokayo Ntinda, Nakawa, Kyambogo na Banda. Mikondo yote miwili hupita katika vinamasi vya mafunjo, kisha huishia mahali pamoja, yaani Ghuba ya Ndani ya Murchison katika Ziwa Victoria. Na katika ghuba hiyo hiyo, huko Gaba, ndiko jiji la Kampala limekuwa likivuta maji yake ya bomba tangu miaka ya 1930.

Kwa hiyo basi, kijito ambacho mkazi wa Mbuya hukiruka asubuhi akienda kazini si kitu cha kando katika maisha yake. Ni mwanzo wa maji ambayo jioni atayachemsha kwa chai. Hii ndiyo sababu swali la leo si la wataalamu peke yao: tunajuaje kwamba kijito ni kizima au ni kigonjwa? Na tukiisha kujua, tufanye nini?

Wako wasemao kwamba kijito chenye maji maangavu ni kizima, na chenye maji ya tope ni kigonjwa. Kipimo hicho cha macho kina faida yake, lakini mara nyingi hudanganya. Mto uliofurika katika mvua za Machi hadi Mei waweza kuwa mwekundu kwa udongo na bado usiwe na sumu. Na maji yaliyo maangavu kama kioo yaweza kubeba vijidudu vya kipindupindu, au metali zilizoyeyuka zisizoonekana kwa jicho. Mwaka 1997, mvua kubwa za El Nino zilipofuatwa na mlipuko wa kipindupindu mjini Kampala, jiji lilijifunza kwa uchungu kwamba katika mitaa ya mabondeni isiyo na vyoo vya kutosha, maji ya mafuriko na maji ya kunywa hayako mbalimbali.

Sayansi ya mito haitegemei shahidi mmoja. Huita mashahidi watatu. Wa kwanza ni maji yenyewe, yanayopimwa katika maabara. Wa pili ni viumbe wanaoishi ndani yake. Wa tatu ni umbile la kijito: kingo zake, kivuli chake, mawe na mchanga wa sakafu yake. Yafaa tuwasikilize wote watatu, kwa kuwa kila mmoja anajua jambo asilolijua mwenziwe.

Tuanze na shahidi wa kwanza. Samaki, kaa na wadudu wa majini huhitaji oksijeni kama sisi, ila wengi wao huitegemea ile iliyoyeyuka majini, nayo ni kidogo mno. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 za Sentigredi hupokea kutoka hewani miligramu 9 hivi za oksijeni, basi. Maji hayo yakifika nyuzi 25, kiasi hicho hupungua hadi 8 na kidogo. Kampala iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo hata maji safi kabisa hushika pungufu ya hapo. Ndiyo kusema kwamba kijito cha mjini huianza safari yake kikiwa na akiba ndogo mfukoni.

Kinyesi, mabaki ya chakula, damu ya machinjio na maji ya kuoshea mitambo yakimwagwa katika kijito hicho, bakteria huyala. Na katika kuyala hutumia oksijeni. Wataalamu hupima njaa hiyo kwa njia rahisi: hufungia maji gizani kwa siku 5, katika joto la nyuzi 20, kisha hutazama ni oksijeni kiasi gani imeliwa. Kipimo hicho kilipata nguvu kutokana na kazi ya Tume ya Kifalme ya Uingereza juu ya majitaka, iliyokuwapo tangu mwaka 1898 hadi 1915, na hata leo hutumika duniani kote. Kanuni za Uganda za mwaka 1999 ziliweka mpaka wa miligramu 50 kwa lita kwa maji machafu yanayomwagwa mitoni au ardhini.

Tafadhali, ndugu msikilizaji, linganisha hesabu hizo mbili. Lita moja ya maji safi ina oksijeni isiyofika miligramu 9. Lita moja ya maji machafu yaliyoruhusiwa na kanuni hizo iliweza kudai hadi miligramu 50. Maana yake ni kwamba hata uchafu uliotimiza masharti huhitaji maji mengi safi ya kuupokea na kuuzimua. Mto mkubwa unayo maji hayo. Kijito chembamba kinachopita kati ya viwanda na nyumba, hasa wakati wa kiangazi, hakina. Kila mmwagaji aweza kuwa ametii kanuni, na bado kijito kikafa kwa sababu wamwagaji ni wengi na maji ni machache.

Aidha, mto huhitaji muda ili upone. Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Marekani, Streeter na Phelps, waliochunguza mto Ohio, walionyesha kwa hesabu jinsi oksijeni inavyoshuka baada ya mahali panapomwagwa uchafu, kisha inavyopanda tena pole pole kadiri maji yanavyosafiri na kuvuta hewa mpya. Mto mrefu hupata nafasi ya kupumua. Vijito vya Kampala ni vifupi. Kutoka kilimani hadi ziwani ni mwendo wa kilometa chache tu, na katika kila sehemu ya mwendo huo kuna mtaro mwingine unaoongeza mzigo.

Lakini shahidi huyu wa kwanza ana kasoro moja. Chupa ya maji husema habari za saa ile iliyojazwa, wala haisemi zaidi. Mtaalamu akija saa nne asubuhi, na uchafu ulimwagwa usiku wa manane, atakuta mkondo umekwisha kuuchukua. Ndiyo maana tunamwita shahidi wa pili, ambaye haondoki mtoni usiku wala mchana.

Shahidi huyo ni wadudu, konokono, kaa, ruba na minyoo waishio chini ya mawe na katika matope. Wengi wao huishi majini kwa majuma au miezi kabla ya kuota mabawa na kuruka. Hawawezi kukimbia sumu inapopita. Wakiwapo, ni ushahidi kwamba maji yalifaa kwa muda wote huo. Wakitoweka, ni ushahidi kwamba jambo fulani liliwapata, hata kama maji ya leo yanaonekana mazuri.

Tazama jinsi maumbile yalivyowagawia uwezo. Kuna wadudu wadogo wenye mikia mitatu myembamba, ambao wakiisha kuota mabawa huishi saa chache au siku chache tu. Wangali majini huvuta oksijeni kwa matamvua membamba yaliyopangwa ubavuni. Kuna wengine wenye mikia miwili, wanaong'ang'ania mawe katika maji yaendayo kasi. Hawa wote ni wateule: oksijeni ikipungua, au udongo ukiyaziba matamvua yao, hufa mapema. Kwa upande wa pili kuna minyoo myekundu ya matope na mabuu mekundu ya visubi. Wekundu wao unatokana na himoglobini, kitu kile kile kinachoifanya damu yetu kuwa nyekundu, nacho huwasaidia kukamata hata oksijeni kidogo iliyobaki. Na viluwiluwi vya mbu havijali kabisa hali ya oksijeni majini, maana hupumua hewa ya juu kwa mrija. Basi si ajabu kwamba mtaro uliooza hukosa wadudu wa mawe na hujaa minyoo myekundu na mbu. Mahali hapo hapakosi uhai, bali uhai uliobaki ni wa wale tu wanaoweza kuishi bila oksijeni ya maji.

Kazi ya kuwahoji mashahidi hawa haihitaji mitambo ya gharama. Mchunguzi huingia mtoni na wavu wenye matundu madogo, huuweka upande maji yanakoelekea, kisha huyasukasuka mawe kwa mguu ili viumbe walioko chini wachukuliwe na mkondo hadi wavuni. Halafu huwamimina katika sinia nyeupe, akawatambua kwa jamii zao na kuandika.

Elimu hii ina umri wa zaidi ya miaka 100. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani Kolkwitz na Marsson walipanga viumbe wa mito kwa kadiri wanavyostahimili uchafu. Katika bara letu, mtaalamu Chutter wa Afrika Kusini alichapisha kipimo chake mwaka 1972. Kazi hiyo ikaendelezwa huko, na mwaka 2002 Dickens na Graham wakachapisha toleo la tano la utaratibu wa kutoa alama. Katika utaratibu huo kila jamii ya viumbe hupewa alama kuanzia 1, kwa wale wanaovumilia kila kitu, hadi 15, kwa wale wasiovumilia uchafu hata kidogo. Mwaka 2015, Lulu Kaaya na wenzake walichapisha kipimo cha namna hiyo kilichotengenezwa kwa ajili ya mito ya Tanzania.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Katika kijito kimoja wamepatikana minyoo yenye alama 1, viluwiluwi vya mbu vyenye alama 1, na mabuu ya visubi yenye alama 2. Jumla ni 4; ukigawanya kwa jamii tatu unapata 1 na kidogo. Katika kijito cha pili wamepatikana wadudu wa mikia miwili wenye alama 12, jamii moja ya wadudu wa mikia mitatu yenye alama 13, kerengende wa jamii yenye alama 8, na kaa wenye alama 3. Jumla ni 36; ukigawanya kwa jamii nne unapata 9. Hata mtu asiyejua kemia ataona tofauti ya 1 na 9. Huo ndio uzuri wa shahidi huyu: ushahidi wake waweza kusomwa na diwani, na mwalimu, na mwanafunzi.

Hapa Uganda njia hii imekwisha kutumika. Aventino Kasangaki, pamoja na Lauren Chapman na John Balirwa, walichunguza vijito vya nyanda za juu katika eneo la msitu wa Bwindi, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Walilinganisha vijito vilivyo ndani ya msitu na vile vilivyoguswa na kilimo na ukataji wa miti. Palipoondolewa miti, maji yalikuwa yenye joto na tope zaidi, na wadudu wale wateule walipungua. Jambo la kuzingatia ni kwamba huko hapakuwa na kiwanda wala mtaro wa majitaka. Kukosa kivuli na kuingia kwa udongo kulitosha.

Hapo ndipo anapoingia shahidi wa tatu, yaani umbile la kijito. Kijito kizima hakiendi moja kwa moja kama barabara. Hupinda, huwa na mahali pa kina na mahali pa maji machache, huwa na mizizi, mawe na majani yaliyoanguka, ambayo ni chakula na nyumba za viumbe wake. Mjini tumezoea kukinyoosha na kukijengea kuta za saruji ili maji yaondoke upesi. Nia yaweza kuwa njema, kwani mafuriko ni adui wa kweli wa watu wa mabondeni. Lakini mfereji wa saruji, hata ukipitisha maji ya mvua yaliyo safi, hauna mahali pa mdudu kushika wala mahali pa uchafu kutulia na kuliwa. Huwa ni bomba lililo wazi, linalochukua taka za kilimani na kuzifikisha ziwani kwa haraka zaidi. Nayo mabati na lami ya vilima vyetu huongeza tatizo hilo, kwa sababu mvua ambayo zamani iliingia ardhini na kutoka pole pole kama chemchemi, sasa hushuka yote kwa saa moja, ikazoa udongo, plastiki, mafuta ya magari na yaliyomo katika vyoo vilivyofurika.

Sasa tufike kwenye kinamasi, maana ndicho kiungo kati ya kijito na ziwa. Kwa muda mrefu wengi walikiona kinamasi kuwa ardhi ya bure yenye mbu. Wanasayansi waliona vingine. Mwaka 1999 Frank Kansiime na Maimuna Nalubega walichapisha uchunguzi mkubwa juu ya kinamasi cha Nakivubo, jirani na Mbuya, ambacho kwa miaka mingi kimepokea majitaka ya katikati ya jiji. Walieleza jinsi mimea, matope na bakteria wanavyoshirikiana kuzuia naitrojeni, fosforasi na vijidudu vya kinyesi visifike ziwani. Waliona kwamba mafunjo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi kuliko jamii nyingine ya nyasi ndefu iliyomo humo, kwa kuwa mizizi ya mafunjo huning'inia ndani ya maji yanayopita chini ya zulia lielealo, hali zulia la nyasi zile ni nene na limeshikamana, hivyo maji hayagusani nayo sana. Mwaka huo huo Lucy Emerton na wenzake walikadiria kwamba huduma za kinamasi hicho kwa jiji zilifikia thamani ya hadi dola za Marekani milioni 1.75 kwa mwaka.

Hata hivyo, kinamasi si chombo cha miujiza. Kikikatwa kwa mitaro ili kupandwa magimbi na miwa, maji hupita kwenye mitaro bila kugusa mizizi, na kazi ya kusafisha hukoma. Kikijazwa kifusi, ndiyo basi. Tena kinamasi huziweka metali, hakiziharibu. Zile zitokazo viwandani na gereji hukaa katika matope, na magimbi yaliyopandwa humo yaweza kuzinyonya na kuzirudisha mezani.

Hapana budi pia kutoa tahadhari moja, ili ushahidi usisomwe vibaya. Maji ya kinamasi cha mafunjo huwa na oksijeni kidogo kwa asili yake, hata mahali ambapo mtu hajatia mkono. Kambare na kamongo, yule ambaye Waganda humwita emmamba, waliumbwa wakiwa na uwezo wa kuvuta hewa ya juu, na wako samaki wadogo ambao kwao kinamasi ni ngome dhidi ya sangara. Kwa hiyo mchunguzi akichukua kipimo kilichotengenezwa kwa vijito vya mawe vya milimani na kukitumia kama kilivyo katika kinamasi cha Kinawataka, atakihukumu kinamasi kuwa kigonjwa kwa kosa lisilo lake. Nchi haiwezi kuazima kipimo na kukitumia kwa upofu. Sharti itafute vijito na vinamasi vyake vilivyo bado vizima, ivisome, na kuvifanya kuwa kielelezo cha kulinganishia. Na kila kinamasi kizima kinachopotea, hupotea pamoja na kielelezo hicho. Hesabu za serikali zilionyesha kwamba ardhi ya vinamasi nchini, iliyokuwa asilimia 15.6 ya eneo la nchi mwaka 1994, ilishuka hadi kiasi cha asilimia 9 katika miaka ya 2010.

Wako watakaouliza: je, wadudu wa mtoni wana uzito gani mbele ya haja ya viwanda, nyumba na kazi? Jibu liko Gaba. Naitrojeni na fosforasi zinazopita bila kuzuiwa hustawisha mwani katika Ghuba ya Ndani ya Murchison. Maji yakiwa mabichi kwa mwani, mtambo wa kusafishia huhitaji dawa zaidi, vichujio huziba upesi, na gharama hupanda. Mapema katika miaka ya 2020 mtambo mpya wa maji ulianza kazi Katosi, wilayani Mukono, mbali na ghuba hiyo, na kuzorota kwa maji ya ghuba kulikuwa miongoni mwa sababu za kwenda mbali kiasi hicho. Katika miaka hiyo hiyo mtambo mpya wa majitaka ulianza kazi Bugolobi, wenye uwezo wa kusafisha meta za ujazo 45,000 kwa siku. Hizo ni kazi za kupongezwa. Lakini kwa miaka mingi wakazi wa Kampala waliounganishwa na mabomba ya majitaka hawakuzidi mmoja katika kila kumi, na mtambo hauwezi kusafisha uchafu usioufikia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili ukuta hulipwa na kila mwenye bomba.

Kwa upande wa sheria, nchi haikosi msingi. Katiba ya mwaka 1995 inaiweka serikali kuwa mdhamini wa maziwa, mito na vinamasi kwa ajili ya raia wote. Mamlaka ya Taifa ya Mazingira iliundwa kwa sheria ya mwaka huo huo wa 1995, na kanuni za mwaka 2000 ziliweka ukanda wa kulindwa kandokando ya mito: mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa, na mita 30 kwa mingine. Sheria mpya ya mazingira ni ya mwaka 2019. Kinachopungua ni ushahidi wa kila siku. Mita 30 zilizoandikwa katika kanuni hazina nguvu kama hapana mtu anayejua kijito kilikuwaje mwaka jana, na kiko vipi mwaka huu.

Kwa hiyo yafaa mambo matatu yafanywe. La kwanza, vijito vya jiji vipimwe kwa ratiba, katika mvua na katika kiangazi, mahali pale pale kila mara, na kwa mashahidi wote watatu. La pili, matokeo yasifungiwe katika makabati ya ofisi. Yatangazwe kwa lugha ambazo wananchi wanazielewa, ili mkazi wa Mbuya ajue hali ya Kinawataka kama ajuavyo bei ya ndizi. Shule zilizo karibu na vijito zaweza kusaidia sana, maana wavu, sinia nyeupe na mwalimu mwenye bidii vyatosha kuanza. La tatu, haki itendeke katika kurekebisha. Mama aliyejenga choo cha shimo karibu na mtaro kwa kukosa mahali pengine, na mwenye kiwanda aliyeelekeza bomba lake mtoni usiku, wasihesabiwe sawasawa. Wa kwanza ahitaji huduma. Wa pili ahitaji kudhibitiwa. Kumfukuza maskini bondeni bila kumpa njia nyingine ni kuuhamisha uchafu kutoka bonde moja hadi jingine.

Ndugu msikilizaji, mdudu mwenye mikia mitatu hana sauti katika baraza lolote. Lakini anapotoweka katika kijito, amekwisha kutoa taarifa, tena mapema, kabla ya mwani kuenea ghubani, kabla ya bei ya maji kupanda, na kabla ya mtoto kulazwa hospitalini. Taifa lenye wataalamu wanaojua kuisoma taarifa hiyo halina udhuru wa kuiacha bila kusomwa.